Maswali ya Wasomaji: "Mbona hakulia?" na mengine kuhusu wazazi waliofungwa bila kosa

Toleo lililopita tuliweka habari fupi ya Kathleen Folbigg, yule mama wa Australia aliyekaa jela miaka 20 akiitwa muuaji wa watoto wake wanne, halafu mahakama ikaja kumfutia hatia zote. Nilidhani itapita kama habari zingine. Haikupita. Meseji zimemiminika, nyingine za upole nyingine za matusi, na wengi mnauliza kitu kilekile kwa namna tofauti: inawezekanaje mahakama nzima, na majaji na madaktari na mawakili wake, ikamkosea mzazi aliyefiwa? Nimechagua chache na kuzifupisha maana wengine mliandika waraka, na majina nimeyaacha.

Dada mhariri shikamoo. Niliona kwenye televisheni habari ya mama aliyesema mtoto wake kachukuliwa na mbwa mwitu, akafungwa maisha. Sasa kama mwili haukupatikana na shahidi hakuna, walimfungaje? Au kuna kitu hawatuambii?

Marahaba mdogo wangu. Unayemsema ni Lindy Chamberlain, na hapo kwenye shahidi nikurekebishe kidogo, mashahidi walikuwepo, tena wa kutosha, ila waliokuwepo usiku ule karibu wote walimwamini yeye. Waliomkataa ni watu waliokuwa mbali huko wakisoma magazeti.

Ilikuwa tarehe 17 Agosti 1980, familia imepiga kambi karibu na ule mwamba mkubwa wa Uluru, wakati huo ukiitwa Ayers Rock, katikati ya Australia. Mtoto, Azaria, alikuwa na wiki 9 tu. Mama kamlaza kwenye hema, karudi kwenye moto walikokuwa wanapika na wenzao, mara mtoto akasikika analia, hata mama mwingine aliyekuwa pale alisikia. Lindy kukimbilia hemani anakuta dingo, ndo mbwa mwitu wa kule, anatoka, na mtoto hayupo. Usiku huohuo watu kama 300 wakaingia porini kutafuta, na wenyeji wa asili wa eneo lile, watu ambao kusoma nyayo ni kazi waliyozaliwa nayo, wakaonyesha nyayo za dingo na alama za kitu kilichokuwa kimebebwa. Afisa wa kwanza aliyechunguza kifo hicho alisema wazi mwaka 1981 kwamba ni dingo, na akaruhusu uamuzi wake urushwe laivu kwenye televisheni ili uvumi ukome.

Wapi! Uvumi ulikuwa umeshapata miguu. Eti mtoto alikuwa anavalishwa gauni jeusi. Eti jina Azaria maana yake kafara jangwani, uongo mtupu, lakini nani alikuwa na muda wa kuuliza. Baba alikuwa mchungaji wa Kisabato na watu wengi kule hawakuwajua Wasabato, basi ikawa dhehebu la ajabu linalochinja watoto. Magazeti yakahesabu nguo anazobadilisha mama kila akienda mahakamani. Kuna waliochapisha fulana zinazosema dingo hana hatia, wakauza, watu wakavaa! Mtoto wa wiki 9 kafa na watu wanavaa fulana za utani.

Kesi ikafunguliwa upya, na safari hii upande wa mashtaka ukaja na maabara. Wakasema ndani ya gari ya familia kuna damu, tena damu ya mtoto mchanga. Wakasema mama alimchinja kwa mkasi kwenye kiti cha mbele, ndani ya zile dakika chache alizoondoka kwenye moto, kisha akarudi kukaa na wenzake. Kwa nini afanye hivyo? Upande wa mashtaka wenyewe ukasema hausemi sababu yoyote. Tarehe 29 Oktoba 1982 juri, yaani wale wananchi wa kawaida 12 wanaoamua kama mtu ana hatia au hana, wakamkuta na hatia, akapewa kifungo cha maisha na kazi ngumu. Alikuwa mjamzito, akajifungua akiwa mfungwa na mtoto akachukuliwa. Mume wake alihukumiwa kwa kumsaidia kuficha, akapewa kifungo cha nje cha miezi 18. Rufaa zote zikagonga mwamba, ile ya mwisho kwenye Mahakama Kuu ya Australia mwaka 1984 majaji 3 walimkatalia na 2 walikuwa upande wake.

Kilichomtoa siyo sheria, ni ajali. Lindy siku zote alisema mtoto alikuwa amevaa kijikoti cheupe juu ya nguo zingine, na ndo maana mate ya dingo hayakuonekana kwenye nguo zilizookotwa. Mashtaka wakasema hicho kijikoti hakijawahi kuwepo. Mwanzoni mwa 1986 mtalii akaanguka kwenye ule mwamba akafa, na polisi walipokuwa wanatafuta mabaki yake wakakiona kijikoti kimefukiwa nusu kwenye mchanga, sehemu yenye mapango ya dingo. Siku chache baadaye mama yuko nje. Tume iliyofuata ikagundua ile "damu ya mtoto" chini ya dashibodi ilikuwa dawa ya kuzuia kelele iliyopuliziwa kiwandani wakati gari linatengenezwa. Hatia ikafutwa 1988, na cheti cha kifo kinachosema dingo kilitoka tarehe 12 Juni 2012, miaka 32 baada ya mtoto kufa.

Ukiniuliza mimi, kosa halikuanzia maabara. Maabara ilikuja baadaye. Watu walishaamua huyu mama ana kitu, ndo wataalamu wakatumwa kutafuta hicho kitu, na ukimtuma mtu kutafuta damu atakuletea damu.

Mimi ni mama wa watoto watatu. Nikifiwa na mwanangu nitagaagaa chini, sitajijua. Mama anayesimama mbele ya kamera kachana nywele na anaongea kwa mpangilio, hapana, huyo ana jambo lake. Tusidanganyane, hiyo ni akili ya kawaida tu. Mbona hakulia?

Dada yangu, nakuelewa, na naamini utagaagaa kweli, Mungu aepushe. Lakini ngoja nikuletee mtu aliyelia.

Cameron Todd Willingham, baba wa Texas, Marekani. Desemba 1991 nyumba yake mjini Corsicana iliungua na mabinti zake watatu ndani, mkubwa miaka 2 na mapacha wa mwaka 1. Yeye alitoka. Majirani siku za mwanzo walieleza baba aliyechanganyikiwa, anapiga mayowe, anataka kurudi ndani mpaka wazimamoto wakalazimika kumshika. Halafu wachunguzi wakatangaza moto uliwashwa makusudi. Kuanzia hapo majirani walewale wakaanza kukumbuka vingine, kwamba alikuwa anajifanya, kwamba alijali zaidi kusogeza gari lake lisiungue. Moto ni uleule, mayowe ni yaleyale, kilichobadilika ni walichoambiwa katikati. Mahakamani hata mabango ya bendi za muziki wa roki aliyobandika ukutani yaliletwa kama dalili ya roho mbaya. Aliambiwa akikiri atapewa kifungo cha maisha badala ya kuuawa, akakataa, anasema siwezi kukiri kuua wanangu. Akauawa kwa sindano ya sumu tarehe 17 Februari 2004. Kabla ya hapo mtaalamu wa moto alikuwa ameshaandika ripoti kwamba dalili zote walizoita za uchomaji, michirizi kwenye sakafu na vioo vilivyopasuka kama utando, zinaweza kutokea hata kwenye moto ambao hakuna mtu aliyeuwasha. Ripoti ilifika kwa wakubwa. Hakuna aliyesimamisha.

Kwa hiyo asiyelia ana jambo, na anayelia anaigiza. Mzazi afanyeje sasa ili aonekane kafiwa?

Na kuna wasioweza kabisa kuonyesha. Robert Roberson, huyu naye wa Texas, alimpeleka hospitali binti yake wa miaka 2 akiwa hajitambui mwaka 2002, na waliompokea wakaona baba mkavu, uso haubadiliki, ikawa sehemu ya picha aliyochorwa kwenye kesi ya kumtikisa mtoto mpaka kufa. Akahukumiwa kifo 2003. Mwaka 2018 ndo akapimwa akakutwa na usonji. Hata mpelelezi aliyeongoza kesi ile baadaye alisimama hadharani kumtetea. Oktoba 2024 aliponea kuuawa saa za mwisho kabisa baada ya wabunge wa vyama vyote viwili kuingilia, na Oktoba 2025 mahakama ikasimamisha tena.

Uso wa mtu aliyefiwa hausomeki dada, hata na sisi wazazi wenzake.

Nafundisha hisabati sekondari. Nimesikia kuna mama Uingereza alifungwa kwa sababu ya hesabu, ile ya 1 kati ya milioni 73. Hesabu haidanganyi, au nakosea wapi?

Mwalimu, hesabu yenyewe haidanganyi, aliyeipanga ndo tatizo, na ninashukuru umeuliza wewe maana mimi hesabu na mimi tuliachana zamani, hapa nimesaidiwa.

Sally Clark alikuwa mwanasheria. Mtoto wake wa kwanza alikufa Desemba 1996 akiwa na wiki 11, ikaandikwa kifo cha kawaida. Januari 1998 wa pili naye akafa, wiki 8. Daktari aliyechunguza maiti akarudi nyuma akabadilisha na maoni yake ya mtoto wa kwanza. Sally akashtakiwa kuwaua wote wawili, na kwenye kesi ya 1999 akaitwa Profesa Roy Meadow, daktari wa watoto mwenye jina kubwa na cheo cha heshima, akasema kwenye familia kama hii, isiyovuta sigara, yenye kipato, mama ana zaidi ya miaka 26, uwezekano wa mtoto kufa kifo cha ghafla kisichoelezeka ni 1 kati ya 8,543. Basi watoto wawili ni 8,543 mara 8,543, unapata kama milioni 73. Akafananisha na mtu anayebahatisha farasi dhaifu kwenye mbio zilezile miaka minne mfululizo na kila mwaka anashinda.

Wewe utakuwa umeshaiona. Unazidisha hivyo pale tu matukio mawili hayahusiani kabisa, kama kurusha sarafu. Lakini watoto wa baba mmoja mama mmoja, damu moja, nyumba moja, kitanda kimoja? Kama kuna udhaifu wa kurithi uliomchukua wa kwanza, wa pili yuko kwenye hatari kubwa zaidi kuliko mtoto wa jirani. Hilo la kwanza.

La pili ndo limewapiga chenga wengi hata magazeti. Juri wakisikia 1 kati ya milioni 73 ni rahisi waelewe kuwa uwezekano wa Sally kuwa hana hatia ni 1 kati ya milioni 73. Siyo hivyo! Kushinda bahati nasibu ya taifa ni nadra kupita maelezo, lakini akitokea mshindi hatumkamati tukasema haiwezekani, lazima kaiba, kwa sababu tunajua wachezaji ni mamilioni na lazima mmoja apate. Mama kuua watoto wake wawili wachanga nalo ni jambo la nadra sana sana. Swali la haki lilikuwa: kati ya mambo haya mawili ya nadra, lipi ni nadra zaidi? Hakuna aliyewauliza juri hivyo. Oktoba 2001 chama cha wataalamu wa takwimu wa Uingereza, Royal Statistical Society, kilitoa tamko kabisa kulalamika kwamba namba ile haina msingi. Lakini Sally alikuwa ameshafungwa maisha, na rufaa ya mwaka 2000 ilishatupwa.

Kilichofanya afunguliwe Januari 2003 wala siyo namba hasa. Ni kwamba kulikuwa na majibu ya maabara yaliyoonyesha bakteria hatari kwenye mwili wa mtoto wa pili, na upande wa utetezi haukuwahi kupewa wakati wa kesi. Mume wake, naye mwanasheria, hakuacha kupambana hata siku moja.

Mwalimu ukitaka zoezi la darasani hili ni zuri kuliko mambo ya mipira nyekundu na ya bluu kwenye mfuko.

Kwa kweli mnanikera. Kila siku mnatetea wauaji. Waliokufa ni WATOTO na hao hawana gazeti la kuwasemea. Wazazi wanaoua wapo, acheni kujifanya hawapo.

Ndugu yangu, wapo. Sibishi hata kidogo, na nakupa mfano mzito kuliko uliokuwa nao labda.

Waneta Hoyt wa jimbo la New York alizika watoto watano kati ya 1965 na 1971. Watu walimwonea huruma. Mwaka 1972 daktari maarufu akaandika makala kwenye jarida la kitabibu akitumia watoto wawili kati ya hao kuonyesha kwamba vifo vya ghafla vya watoto wachanga vinatembea kwenye familia, na makala ile ikasomwa kote. Zaidi ya miaka 20 baadaye mama akakiri, na 1995 akahukumiwa kwa kuwaua wote watano. Hapo huruma ya watu nayo ilikuwa imekosea, tena vibaya.

Sasa angalia kilichofuata. Kwa mtazamo wangu kesi kama hizo ndo ziliwafanya madaktari na waendesha mashtaka waruke kutoka upande mmoja kwenda mwingine kabisa, ikaenea ile kauli iliyoitwa sheria ya Meadow kwamba kifo kimoja cha mtoto ni msiba, viwili ni shaka, vitatu ni mauaji mpaka ithibitishwe vingine. Soma tena hapo mwisho: mpaka ithibitishwe vingine. Yaani mzazi ndo athibitishe. Akina mama kama Angela Cannings, Mwingereza aliyepoteza watoto watatu, wakaingia jela kwenye wimbi hilo, yeye akatoka Desemba 2003 baada ya mwaka mmoja na miezi.

Na Ufaransa, kule mji wa Outreau, watoto kweli walidhulumiwa kingono, tena vibaya sana, wapo waliokiri na wakafungwa. Lakini nchi ilikuwa bado inatetemeka na kashfa ya Marc Dutroux, yule mtekaji na muuaji wa watoto wa jirani Ubelgiji, hakuna aliyetaka kuonekana anawapuuza watoto, basi kila jina lililotajwa likabebwa. Watu 13, wengi wao ni wazazi, karibu wote walikaa mahabusu, wengine hadi miaka mitatu, watoto wao wakagawiwa kwa familia za kulea, mtuhumiwa mwingine akafia jela, na mwisho wote 13 wakaonekana hawana hatia, wale wa mwisho 6 tarehe 1 Desemba 2005. Rais Jacques Chirac aliomba radhi. Wale watoto unaowasema ndugu yangu, na watoto wa hao 13 wahesabu pia.

Huyo Folbigg aliandika mwenyewe kwenye daftari lake. Mwenyewe! Sasa nyinyi mnasema sayansi imemsafisha, maandishi yake yatafutwa na nani?

Hayajafutwa na hayana haja ya kufutwa, ila inategemea nani anayasoma na anatafuta nini.

Watoto wake wanne walikufa kati ya 1989 na 1999, mmoja mmoja. Mume akakuta madaftari yake, akapeleka polisi. Humo kuna sehemu anaandika kuhusu Sarah, wa tatu, kwamba aliondoka kwa msaada kidogo. Kuna sehemu anajiita binti wa baba yake, na baba yake alimuua mama yake kwa kisu wakati Kathleen hajafika hata miaka miwili. Ukishaamini kwamba ni muuaji, hayo ni maungamo. Yeye alisema huo msaada alimaanisha Mungu au nguvu ya juu huko. Na wataalamu wa saikolojia kwenye uchunguzi wa pili walisema hiki ni kilio cha mama anayejilaumu, na ukweli ni kwamba mzazi aliyefiwa na watoto wanne na hajui kwa nini, asipojilaumu yeye atamlaumu nani?

Kitu ambacho hakuna mtu anakitaja ni hiki: mmoja wa wanajuri, kesi ikiendelea, aliingia intaneti akatafuta habari za mshtakiwa, akakuta kwamba baba yake alikuwa muuaji, jambo ambalo juri walikuwa hawatakiwi kulijua. Ilipofikishwa kwenye rufaa mwaka 2007 majaji wakasema haikuleta madhara. Mimi siwezi kusema lolote zaidi ya kwamba mwaka 2003 intaneti ilikuwa ndogo sana kuliko hii tuliyonayo.

Sayansi yenyewe ni hivi kwa kifupi. Timu iliyokuwa na mtafiti Carola Vinuesa ikasoma vinasaba vyake na vya watoto, wakakuta yeye na mabinti wawili wana hitilafu kwenye jeni inayoitwa CALM2, inayoweza kuvuruga mapigo ya moyo na kuua ghafla, hata usingizini. Mvulana wa pili alikuwa na kifafa tangu akiwa hai. Uchunguzi wa kwanza wa 2019 uliyajua mengi ya hayo na bado ukasema ana hatia, kwa sababu ya madaftari! Mwaka 2021 wanasayansi 90 wakasaini ombi la msamaha, uchunguzi ukarudiwa, akaachiwa tarehe 5 Juni 2023 na hatia ikafutwa Desemba mwaka huohuo.

Swali fupi. Kwa hiyo maoni ya watu ni mabaya siku zote? Mbona hawa wengine wametoka kwa sababu watu walipiga kelele?

Swali fupi lakini umenibana. Hapana, siyo siku zote.

Kuna Patricia Stallings wa Missouri, Marekani. Mwaka 1989 mtoto wake mchanga akaugua, maabara ikasema kwenye damu kuna sumu ya maji ya radieta, mtoto akachukuliwa, mama akaruhusiwa kumtembelea, baada ya ziara mtoto akazidiwa na kufa. Imekwisha hiyo. Akiwa mahabusu akajifungua mtoto mwingine, na huyo, ambaye hakulelewa na mama, akaugua dalili zilezile, wakapima wakakuta ugonjwa wa kurithi wa mwili kushindwa kuchakata protini vizuri. Ungedhani kesi inafia hapo. Ilisikilizwa Januari 1991, juri hawakuruhusiwa kusikia habari ya ugonjwa wa mdogo wake, akafungwa maisha. Kisha kipindi cha televisheni kikarusha mkasa wake, profesa mmoja wa baiokemia wa St. Louis akauona, akaomba sampuli za damu ya marehemu, akapima upya na wenzake: hakuna sumu, ni ugonjwa uleule, maabara za kwanza zilichanganya kemikali mbili zinazofanana kwenye mashine. Septemba 1991 mashtaka yakafutwa na mwendesha mashtaka akamwomba radhi.

Kwa hiyo kelele zilisaidia, lakini angalia zilisaidiaje. Hakutoka kwa sababu watazamaji walimwonea huruma, alitoka kwa sababu mtazamaji mmoja alikuwa na uwezo wa kupima damu na akaomba apewe aipime. Hata wale 90 wa Folbigg hawakusema tunampenda, walisema someni hii jeni. Kelele inayosema pimeni tena mimi naipenda. Ile inayosema muoneni uso wake, hapana, hata kama inamtetea.

Na msije mkadhani ni shida ya juri tu. Outreau kesi ilijengwa na jaji mpelelezi, mtu msomi, akiwa peke yake na mafaili.

Wakishatoka wanalipwa? Na maisha yanarudi?

Wengine wanalipwa. Chamberlain walipewa dola milioni 1.3 za Australia mwaka 1992, na kesi ilishawamaliza kwa gharama za mawakili, ndoa nayo ilishavunjika. Folbigg mwaka 2025 serikali ya New South Wales ilimpa ofa ya dola milioni 2, wakili wake akasema siyo haki hata kidogo, gawanya kwa miaka 20 uone. Willingham hayupo wa kulipwa na Texas haijamfutia hatia rasmi, bodi ya misamaha ilikataa 2014.

Sally Clark alitoka jela akiwa amevunjika. Kule ndani alikuwa anatukanwa kama muuaji wa watoto na wafungwa wenzake, nje alikuta magazeti yaleyale yaliyomwandika mlevi na mwanamke wa kazi kuliko watoto sasa yanataka mahojiano. Familia yake walisema hakuwahi kupona. Alikufa Machi 2007, miaka minne tu baada ya kuachiwa, na uchunguzi ukasema ni pombe. Roy Meadow alifutwa kwenye orodha ya madaktari 2005, akakata rufaa, mwaka uliofuata akarudishwa, mahakama ikasema alikosea lakini hakuwa na nia mbaya.

Wawili wenu mmeuliza kama mzazi anayehojiwa na polisi baada ya msiba aongee au asubiri wakili. Hilo nimempelekea mwanasheria wetu na jibu lake litakuwa hapa toleo lijalo.